Mwanangu anang'ata wenzake kituoni, lakini kihambani (kwenye shamba la migomba la nyumbani) kwa bibi yake hang'ati. Je, dawa ni kucheza nje?

#1 MamaWaNjiro (mleta mada)

Habari zenu wana jukwaa. Nina mtoto wa kiume wa miezi 22, na kwa wiki 3 sasa kila jioni naingia kwenye geti la kituo cha kulelea watoto mchana, hapa Arusha, moyo ukinidunda, kwa sababu sijui nitaambiwa leo amemng'ata nani. Juzi ilikuwa zamu ya binti mmoja mdogo. Walinionyesha alama yenyewe juu kidogo ya kiwiko: meno manne juu, manne chini, imeanza kugeuka zambarau, na mama wa yule binti amesimama pembeni bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Kinachonifanya niandike ni hiki. Jumamosi huwa tunapanda Marangu kwa mama mkwe, na kule hajawahi kumng'ata mtu hata mara moja, ingawa wapo watoto 5 wa shemeji zangu, wote wakubwa kwake, na hugombania kila kitu kuanzia kijiko hadi paka. Asubuhi hutoka na bibi yake kuingia kwenye migomba, akabeba maji kwenye kopo la rangi lililokatwa, akakimbiza kuku, akasukuma tairi bovu la pikipiki mpaka wote wawili, yeye na tairi, wakaishia mferejini. Saa sita hurudi amejaa tope hadi masikioni, akala mtori bakuli zima. Kituoni, tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, watoto hawatolewi nje kabisa. Wanashinda chumba kimoja mbele ya katuni. Nimeanza kuamini kwamba mtoto huyu ana nguvu zilizokosa pa kwenda, na kwamba akichezeshwa nje ipasavyo meno yatatulia. Mume wangu anasema namtafutia mwanangu wakili. Wenye uzoefu mnasemaje?

#2 Mangi_Kiboriloni

Dada, sisi tulilelewa kwa njia fupi. Ukimng'ata mwenzako, mama anakushika mkono na kukung'ata palepale ili uonje utamu wake. Mimi nilionjeshwa mara moja tu na sikurudia. Haya ya kumtafutia mtoto uwanja ni kumzungusha bure.

#3 Sanawari_Juu

Mangi, hukurudia kung'ata au hukurudia kukamatwa?

#4 Muuguzi_Rau

Naomba tuliweke sawa bandiko namba 2 kabla mtu hajalifuata. Mtoto wa miezi 22 hana uwezo wa kufikiri kwamba "maumivu ninayoyasikia sasa ndiyo niliyompa mwenzangu dakika moja iliyopita." Anachokiona ni mtu mkubwa anayempenda akitumia meno, basi anahitimisha kwamba meno hutumika. Katika kliniki ya watoto nimeletewa zaidi ya mtoto mmoja aliyeng'atwa na mzazi wake kwa nia ya kumfunza, na mmoja alikuwa na kidonda kilichotunga usaha.

Kung'ata kati ya mwaka 1 na miaka 3 ni jambo la kawaida mno, na wengi huacha kadiri maneno yanavyoongezeka. Hilo halimpunguzii maumivu aliyeng'atwa, kwa hiyo naanza na huyo. Kama ngozi haijapasuka, osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Ngozi ikipasuka, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa maana mdomo wa binadamu una bakteria wengi kuliko watu wanavyodhani, na uende na kadi ya kliniki. Watataka kuona kama alimaliza chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo pamoja na mengine humkinga dhidi ya pepopunda na homa ya ini aina ya B.

Kuhusu aliyeng'ata: mwondoe, shuka hadi kimo chake, mwambie kwa sauti tulivu na maneno machache, "Hapana. Kung'ata kunaumiza." Hotuba ya dakika 5 ni zawadi kwake, kwa sababu chumba kizima kimemgeukia.

#5 Mwalimu_Awali_Sakina

Nakubaliana na dada muuguzi, nami nimuunge mkono mleta mada kwa sehemu. Nimefundisha watoto wadogo miaka 14, na ninachokiamini ni kwamba si kila mchezo wa nje unasaidia. Ukiwafungulia mlango watoto 20 wakimbie ovyo, utapata watoto 20 waliopandisha mori, na anayeng'ata atang'ata vizuri zaidi. Kinachotuliza ni kazi yenye uzito: kubeba, kusukuma, kuvuta, kuchimba, kupanda. Tazameni tena orodha ya kule Marangu. Kubeba maji, kusukuma tairi, kupanda na kushuka tuta. Bibi yake amempa mwili wa mtoto kazi bila kwenda chuo.

Niliwahi kuwa na mtoto aliyeng'ata kila siku ifikapo saa tano. Sikumwadhibu, wala sikumsubiri ang'ate ndipo nimtoe nje, kwa kuwa hapo angejifunza kwamba meno ndiyo ufunguo wa mlango. Saa nne na nusu, kabla mambo hayajachemka, nilimpa kindoo cha mchanga cha lita 3, mwenzake nikampa kingine, wavipeleke chini ya mwembe na kurudi. Mchanga ukiisha wanaurudisha ulikotoka. Mtu mzima akiwaangalia angecheka, maana ni kazi isiyo na faida yoyote, lakini wao walihema, walijikaza, waliwekana sawa, na tulipoingia ndani walikaa. Wiki ya kwanza aling'ata mara 2 tu.

#6 Kaka_Ngaramtoni

Hoja ya mwalimu ina ushahidi. Shirika la Afya Duniani limeagiza mtoto mdogo akimbie kwa muda wa saa 3 kila siku. Kituo kinachowafungia watoto ndani kinakwenda kinyume na maagizo hayo, ripotini ustawi wa jamii.

#7 BabaMapacha_Majengo

Wakuu, mimi nina pacha wa miaka 2 na nusu hapa Moshi, nami ni shahidi wa upande wa pili. Wangu mmoja, Kulwa, ndani ni malaika. Anaweza kukaa na vifuniko vya chupa nusu saa nzima akivipanga. Mtoe nje, mpe bembea, mpe watoto wa jirani wanaopiga kelele, na dakika ya 20 utasikia ukunga. Hang'ati kwa hasira. Anang'ata kwa furaha. Anamkimbilia Doto akicheka, anamkumbatia, halafu meno yanaingia begani. Mama yao alidhani ni wivu, mimi nikadhani ni njaa, bibi yao akasema ni damu ya babu yao aliyekuwa mgomvi. Kwa mtoto kama huyu, ushauri wa "mtoe nje" ni sawa na kuongeza kuni.

Isitoshe, bembea ni moja na watoto ni 7. Ugomvi wa foleni unaletwa na bembea yenyewe.

#8 Mwalimu_Awali_Sakina

Baba Mapacha, hapo umesema kweli na ndiyo maana niliandika "kazi yenye uzito." Bembea ni kitu cha mmoja. Matairi 4, makopo 10 na rundo la mchanga havina foleni.

#9 BibiWajukuu9

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyemfungua mtoto mdomo akatazama ndani. Miezi 22 ni umri wa magego. Fizi zinamwasha, na anachokitafuta ni kitu cha kutafuna, kiwe bunzi la muhindi au bega la jirani. Mimi watoto wangu nilikuwa nawapa kipande cha muwa uliomenywa au mfupa wa supu uliokwisha nyama, na hakuna aliyemng'ata mtu. Zamani mtoto alichunguzwa meno tangu la kwanza. Likitangulia la juu wazee waliitana na kunong'ona kwamba ni kigego. Sisemi tuyarudie hayo. Nasema tulikuwa tunatazama.

Tena wapo wanaosema mtoto msumbufu hivyo huenda ana meno ya nailoni, lakini hayo nawaachia wenye ujuzi.

#10 Muuguzi_Rau

Shikamoo bibi. Kwenye magego nipo pamoja nawe. Meno ya utotoni ni 20. Magego ya kwanza huota kati ya mwezi wa 13 na wa 19, na ya nyuma kabisa kati ya mwezi wa 23 na wa 33, kwa hiyo mtoto wa Njiro yupo mlangoni kabisa mwa hayo ya mwisho. Kitambaa safi kilicholowekwa maji na kupozwa kinamfaa. Muwa na mfupa, bibi yangu, naomba tuviache kwa umri huu, kwa sababu nyuzi na vipande vinaweza kumkaba. Karoti mbichi na njugu pia ni hivyohivyo, na shanga za kutafuna shingoni huweza kukatika na kumezwa.

Ila kwa meno ya nailoni nitasema bila kuzunguka, maana uzi huu unasomwa na wengi. Hakuna ugonjwa wa jina hilo. Kinachoonekana ndani ya fizi ni jino la kawaida la utotoni ambalo bado halijakomaa, na anayelichokoa kwa wembe au spoku ya baiskeli humwachia mtoto damu inayotoka, maambukizi, na wakati mwingine jino la ukubwani lililoharibika kabla ya kuota. Tafadhali asije mtu akamfanyia mtoto hivyo kwa sababu ameng'ata.

#11 BibiWajukuu9

Nimekusikia mwanangu. Marahaba.

#12 Sanawari_Juu

Mimi nina nadharia ya kwetu Arusha. Mtoto ameangalia meno ya wajomba zake yalivyopigwa rangi ya kahawia na floridi ya maji, akaamua ayatumie yangali meupe.

#13 Mangi_Kiboriloni

Hili nimelipenda. Moshi tunang'ata taratibu, meno yetu hayana haraka.

#14 Daftari_na_Kalamu

Turudi kwenye mada, na nianze kwa kumsahihisha Kaka Ngaramtoni wa namba 6. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulitoka mwaka 2019, na hausemi kukimbia kwa muda wa saa 3. Unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate angalau dakika 180 za shughuli za mwili za aina yoyote, nzito na nyepesi, zikigawanywa katika siku nzima. Kufagia na ufagio mdogo kunahesabika, kucheza ngoma kunahesabika, kupanda na kushuka kitanda kunahesabika. Ni kwa wa miaka 3 hadi 4 ndipo wanapotaka dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhemesha. Unasema pia mtoto asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, ikiwa ni pamoja na kubebwa mgongoni, na kwamba wa mwaka 1 asitazame skrini kabisa. Kwa hiyo katuni za kituoni zina kesi ya kujibu. Lakini mwongozo huo haujasema popote kwamba mchezo wa nje unaondoa kung'ata. Hilo tumeliongeza sisi.

Sasa kwa mleta mada. Unalinganisha Jumamosi ya Marangu na Jumatano ya Arusha, na umechagua tofauti moja, yaani mchezo wa nje, ukaiita sababu. Tofauti nyingine hizi hapa. Marangu yupo mtu mzima mmoja anayemtazama yeye peke yake. Kituoni nadhani mlezi mmoja ana watoto wengi. Marangu wenzake ni wakubwa wanaomwachia. Kituoni ni rika lake, nao hawaachii. Marangu anakula anaposikia njaa. Marangu huenda analala mchana kwenye giza na ukimya, na mtoto wa umri wake anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukihesabu na wa mchana. Na Marangu anazungumzishwa kwa lugha anayoielewa. Nenda kanunue daftari la kurasa 40, uandike saa, mahali, nani, na nini kilitokea dakika moja kabla. Bila hivyo tutabishana hapa hadi vuli.

#15 Usa_River_Mama2

Hilo la lugha ndilo langu. Binti yangu aling'ata miezi 5 mfululizo, na siku alipojifunza kusema "yangu" na "toka" aliacha kama vile mtu amezima taa. Nyumbani Kiswahili, bibi Kimeru, kituoni Kiingereza. Mtoto hana neno la haraka, basi anatumia meno. Ningemshauri mama apunguze lugha.

#16 Muuguzi_Rau

Sehemu ya kwanza naiunga mkono, ya pili hapana. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kusema. Maneno yake yahesabiwe kwa lugha zote pamoja. Akitimiza miaka 2 tunatazamia aunganishe maneno mawili, mfano "mama maji" au "toa hii." Kama hajafika hapo, au haitiki akiitwa, amlete apimwe masikio. Masikio yanayouma au yasiyosikia vizuri yanaweza kumfanya mtoto yeyote awe mkali.

#17 Mlezi_Kijenge

Nimesita kuandika kwa sababu nina kituo kidogo, na humu tumeshahukumiwa kupelekwa ustawi wa jamii. Niwaambie upande wetu. Tumesajiliwa, tunakaguliwa, na tunajua watoto wanahitaji kutoka. Lakini mwaka jana niliwatoa nje mwezi wa saba saa tatu na nusu, jua limeanza kuchomoza, na jioni hiyohiyo mama mmoja alinirushia soksi mezani. Zilikuwa nyeupe alipozileta, sasa zina rangi ya udongo. Mwingine alisema nikimpa mtoto wake nimonia nitalipa. Wa tatu aliniuliza kama analipa ada ili mtoto achezee mchanga ambao hata nyumbani upo bure. Baada ya hapo nifanye nini? Nikanunua televisheni.

Mzazi anayetaka mtoto achezeshwe nje alete nguo za kuchezea, raba za mvua, na kauli yake kwa maandishi.

#18 Muuguzi_Rau

Nimonia husababishwa na vijidudu, navyo hupitishwa kwa urahisi zaidi watu wanapobanana katika chumba kisicho na hewa. Mvalishe sweta na kofia, mtoe. Arusha ipo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai ni kali, sikatai, lakini saa nne jua likitoka mtoto aliyevaa vizuri na anayebeba ndoo hasikii baridi. Anayeisikia ni mlezi aliyesimama.

#19 Mlezi_Kijenge

Hapo kwenye mlezi aliyesimama nimecheka peke yangu ofisini. Ni kweli tupu.

#20 Mama_wa_Aliyengatwa

Mimi naandika kwa niaba ya upande ambao hauna mtetezi humu. Binti yangu wa mwaka 1 na miezi 8 ameng'atwa mara 4 na mtoto yuleyule, mara ya mwisho shavuni. Kila nikilalamika naelezwa kuhusu magego, lugha, nguvu zilizokosa pa kwenda. Binti yangu naye anaota magego, naye hana maneno, naye amefungiwa ndani na baridi ileile. Hang'ati. Sasa anapofika mlangoni asubuhi ananishika shingo kwa mikono miwili. Mtoto wenu akipewa kindoo na mwembe na mwalimu wake mwenyewe, wangu anapewa nini?

#21 MamaWaNjiro (mleta mada)

Mama, nimesoma bandiko lako mara tatu. Samahani sana. Kama wewe ndiye mama niliyemwona akiwa amesimama kimya, naomba uniandikie pembeni.

#22 Mama_wa_Aliyengatwa

Hapana mama, mimi nipo Moshi, Pasua. Lakini nimesimama hivyohivyo, tena zaidi ya mara moja.

#23 Mwalimu_Awali_Sakina

Swali la namba 20 ni zito kuliko la mleta mada, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilichelewa kulijibu nilipokuwa darasani. Kosa langu la miaka ya mwanzo lilikuwa kumkimbilia aliyeng'ata na kumwacha aliyeng'atwa akilia mikononi mwa msaidizi. Siku hizi nakwenda kwa aliyeumia kwanza, nampakata, na ninamwambia anayetazama, "Tunamtunza mwenzetu, ameumia." Anayeng'ata hukaa karibu yangu, umbali wa mkono mmoja, kwa siku hiyo yote, ndani na nje. Si adhabu. Ni kwamba mkono wangu uwahi kufika kabla ya meno yake. Na ndoo za mchanga zilikuwa mbili kwa sababu hiyohiyo. Mara nyingi ile ya pili niliipa yule aliyekuwa akimwogopa. Wawili wakibeba kitu kizito upande huu na upande ule hawana budi kwenda hatua moja. Sidai kwamba wote walipatana. Wengine walipatana.

#24 Mangi_Kiboriloni

Mwalimu, nimeondoa mawazo yangu ya namba 2, ila nimeyaweka karibu.

#25 MamaWaNjiro (mleta mada)

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki 2 nikiwa na daftari, kama nilivyoagizwa na namba 14. Asanteni kwa uvumilivu. Mkuu wa kituo nilimfuata kwa upole, nikampa sweta, raba na karatasi niliyosaini, akacheka na kukubali.

Wiki ya kwanza hatukubadilisha kitu, nilitaka kuona tu. Aling'ata mara 3, zote ndani, zote kati ya saa tano na robo na saa sita kasoro, yaani kabla ya chakula. Mara mbili kati ya hizo kabla yake palikuwa na toroli ya plastiki yenye gurudumu moja lililovunjika, ambayo sijui kwa nini watoto wote 16 wanaitaka. Wiki ya pili walianza kumtoa saa nne na nusu pamoja na wengine 5, wanamwagilia kitalu cha mchicha kwa makopo. Mlezi ananiambia mwanangu hubeba kopo kwa mikono miwili, ulimi nje, akifika kwenye mchicha nusu ya maji yapo kwenye raba zake, naye anamwaga iliyobaki kwa heshima zote kisha anarudi bombani. Wiki hiyo aling'ata mara 1.

Nilitaka kuja kutangaza ushindi. Lakini daftari limeniumbua. Wiki hiyohiyo ya pili gego la chini upande wa kushoto limechomoza, nimelihisi kwa kidole. Wiki hiyohiyo ameanza kusema "yangu," anaisema hata kwa vitu vya majirani. Yule binti aliyekuwa akigombana naye hakuja siku 3 kwa mafua. Na ile mara 1 aliyong'ata ilikuwa nje, bombani, katikati ya kazi yenye uzito, kwa sababu mwenzake alishika kopo lake la bluu.

Si hayo tu. Jumamosi iliyopita, Marangu, amemng'ata binamu yake kwa mara ya kwanza. Juu ya tairi. Baada ya saa 3 za tope.

#26 Sanawari_Juu

Wakili ameshindwa kesi kwenye mahakama ya nyumbani.

#27 BibiWajukuu9

Si nilisema ni magego? Limechomoza, amepunguza.

#28 Usa_River_Mama2

Bibi, ni "yangu." Mara 3 hadi mara 1, na neno limeingia katikati. Mbona lipo wazi?

#29 Daftari_na_Kalamu

Mara 4 kwa wiki 2 hazitoshi kumpa ushindi mtu yeyote humu, ila ninachokiona mimi ni ile saa. Tatu kati ya nne zimetokea tumbo likiwa tupu, na nikuulize: siku ya Marangu alikula saa ngapi, na alilala?

#30 MamaWaNjiro (mleta mada)

Siku hiyo tulichelewa kufika kwa sababu ya basi. Hakulala njiani. Mtori ulikuwa bado jikoni, na binamu ana miaka 2, ndiye mgeni, wamehamia kutoka Dodoma. Wale 5 wa siku zote ni wakubwa.

#31 BabaMapacha_Majengo

Usingizi, njaa, na mtoto wa rika lake. Mimi ningeongeza furaha, kwa sababu nimewahi kuiona sura ile ya kucheka kabla ya meno kuingia. Alikuwa anacheka?

#32 MamaWaNjiro (mleta mada)

Alikuwa anacheka, Baba Mapacha. Sikuwa nimeiandika.

#33 Mwalimu_Awali_Sakina

Basi andika na hiyo. Nami bado nashikilia langu: mwendelezeni na maji ya mchicha, ila yasogezwe yawe saa nne kamili, mpeni ndizi ya kuiva au parachichi baada ya kazi badala ya kumngojesha hadi saa sita, na ile toroli mbovu iondolewe au zitafutwe tatu. Na makopo yote yawe rangi moja.

#34 Mlezi_Kijenge

Makopo ya rangi moja nimeyanakili. Kwangu kila siku wanauana kwa kikombe cha kijani, na sikuwahi kufikiri kununua vya kijani vyote.

#35 Mama_wa_Aliyengatwa

Nimewasomea walezi wa binti yangu bandiko namba 23. Wamempa ndoo ya pili. Juzi na jana walibeba pamoja na yule kijana. Sijui kesho, lakini jana alinionyesha kiganja, kuna alama ya mshikio wa ndoo, akasema "mimi."

#36 MamaWaNjiro (mleta mada)

Asante mama, hilo limenigusa. Jumamosi tunapanda tena Marangu, safari hii kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Shemeji ameniahidi kuokota tairi la pili gereji, la ukubwa uleule.

#37 Mangi_Kiboriloni

Aokote matatu, dada. Mume wako naye atalitaka.